Mkesha Unaendelea

Neno hilo nililisikia kwenye mashine ya kusaga, na tangu siku hiyo halikunitoka. Mama Lugano ndiye aliyelileta. Hakupiga kelele wala hakunivuta pembeni. Alilisema huku anakung'uta kanga yake, kama mtu anayekwambia uanike nguo mapema, mvua ipo.

"Wanasema ukiuzima ule Mkesha, mahali fulani kuna mtu anazimika."

"Wanasema akina nani?"

"Watu."

"Watu gani, Mama Lugano?"

"We nawe, watu ni watu! Kuna binti huko bondeni alivua bangili aoge tu. Aoge! Hata sabuni haijakauka, kilio nyumba ya jirani."

Wanawake kwenye foleni wakacheka. Mmoja akauliza kama mvaaji anaruhusiwa kuchagua wa kuzimika, maana yeye ana mawifi. Wakacheka zaidi, mashine ikanguruma, vumbi la unga likatupaka nyusi. Mimi sikucheka. Bangili hiyo binti yangu Sekela alikuwa nayo mkononi tangu mavuno ya viazi, na haikuwa imetoka hata mara moja.

Nikajitwika unga wangu, nikarudi kwa njia ya chini, ile inayopita katikati ya chai, nisikutane na mtu wa kuniuliza kitu.

*

Sekela alikuwa jikoni anakoroga uji. Nilimkuta amesimama, mkono umeacha kuzunguka, anakitazama alichoshika.

"Mama, hiki kinaitwaje?"

"Kipi?"

"Hiki."

Nilidhani ananitania. Ni mtoto wa utani tangu mdogo, atakuuliza jina lako na wewe ndiye uliyemzaa. Nikamwambia aache mchezo, uji unashika chini. Lakini machoni mwake hamkuwa na mchezo wowote.

"Mwiko," nikasema.

"Ee. Mwiko." Akaanza tena kukoroga. Mkono wake wa pili ulikuwa umegusa ukingo wa sufuria, na mimi ndiye niliyesikia harufu kabla yeye hajasikia moto.

Nilimpaka asali, nikamfunga kitambaa. Bangili ilikuwa pale pale juu ya kitambaa, nyembamba, rangi ya maziwa, imeshika ngozi kama kupe. Simu yake ilikuwa kwenye kigoda. Juu kabisa ya kioo palikuwa na ule mstari usiofutika: Mkesha unaendelea. Ukiusukuma kulia, unarudi. Ukiusukuma kushoto, unarudi. Ukizima simu na kuiwasha, ndio unaokuwa wa kwanza kukusalimia.

"Unaendelea kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kazi ya chini kwa chini, Mama. Walioleta bangili walisema hatuna haja ya kujua."

"Na wewe unalala saa ngapi?"

"Nalala."

Hakuwa analala. Alikuwa anaelea. Mwenye bangili akianza kuzama usingizini, bangili inamtetemesha kidogo, haimwamshi, inamnyanyua tu. Ni kama kibuyu mtungini: unakizamisha, kinaibuka. Asubuhi ataamka na kunawa na kusema ameshalala, na wala haongopi, kwa sababu amesahau kulala kukoje. Tangu alipobonyeza Kubali kwenye simu, posho yao iliingia kila mwezi na kwa posho hiyo angekwenda chuo cha uuguzi. Baba yake yuko machimboni Chunya na habari zake huja kwa msimu. Basi nilikuwa nimenyamaza. Lakini siku ya mwiko sikunyamaza.

"Vua hicho kitu."

"Na kama maneno ya Mama Lugano ni kweli?"

"Nani kakwambia maneno ya Mama Lugano?"

"Mama, hata kwenye kwaya wanayasema. Nikivua, halafu mtu akafa?"

"Mimi nimekuzaa wewe. Huyo mtu wa huko ana mama yake."

"Na kama mama yake amekufa?"

Uji ukaungua.

*

Jirani yetu ni Mwalimu Ambwene. Tunatenganishwa na ua wa matete ambao umelala upande mmoja, kwa hiyo kwake tunakuona na kwetu anakuona. Ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika hapa hapa shule ya msingi, na baadaye akamfundisha Sekela. Mkewe alifariki, watoto wake wako mjini. Mwaka huu moyo wake ulichoka. Hospitali wakamchukua, wakamweka kidude kifuani, wakamrudisha akiwa anatembea na kubishana na kila mtu kama zamani.

Kila asubuhi alisimama kwenye ua na kutupa salamu ya kwetu huku Rungwe, ambayo maana yake ni kumuuliza mtu kama amelala.

"Ugonile, Sekela?"

"Nimelala, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanijibu kama mtu anayesoma ubaoni?" Kisha ananigeukia mimi. "Tusajigwe, hawa madaktari wamenipa moyo wa kisichana. Unajua Alhamisi jioni unanifanya nini? Unataka kucheza! Nimekaa zangu na kahawa, kifua kinaruka. Marehemu mke wangu angekuwepo angenitandika."

Tulicheka. Tungekuwa na akili tusingecheka.

*

Nilikwenda kwa Asajile, fundi simu wa pale sokoni, kijana mwenye maneno mengi na mikono safi. Alichukua simu ya Sekela akaigeuza geuza.

"Sikia, mama yangu. Simu za siku hizi ni bahili. Programu usipoitazama, simu inailaza. Umefunga kioo? Inalazwa. Umetia mfukoni? Inalazwa, simu inatunza chaji. Sasa wenye programu wamehangaika. Wakaweka ujumbe usiofutika ili simu idhani kuna kazi. Simu ikazoea, ikailaza hivyo hivyo. Wakaifundisha programu ijiamshe kila simu inapowashwa. Simu ikaijua, ikaifungia mlango. Ndipo wakaja hawa wa Mkesha. Wao hawakubishana na simu. Walichukua mapigo ya moyo wa mtu aliye macho wakayapeleka kwenye simu. Simu inaona, ahaa, mwenye mali yupo, ananitumia. Inaogopa kumkatiza mtu."

"Kwa hiyo asiyelala si simu."

"Asiyelala ni mtu. Akili hiyo, mama. Akili kubwa kabisa." Alisema kama anayesifia goli.

"Na mapigo yanakwenda wapi?"

"Hapo pamefungwa. Nayaona yanatoka, siyaoni yanakofikia. Ila hayafiki mbali. Mtandao wa milimani huu mbovu, kwa hiyo wanaunganisha wa karibu na wa karibu."

Nilimuuliza mtu akivua inakuwaje. Akasema Mkesha unasubiri kidogo, halafu unajua umeachwa, na baada ya hapo yeye hajui. Nikamuuliza akivalishwa mwingine.

"Haujali jina, unataka damu ya moto iliyo macho. Kuna jamaa alimvalisha mbuzi, haki ya Mungu! Ulikubali mpaka mbuzi aliposinzia."

Kabla ya kuondoka tulipiga namba ya wenye Mkesha iliyokuwa kwenye simu. Ikapokea sauti ya msichana ya kurekodiwa, tamu, haina haraka: "Asante kwa kuendeleza Mkesha. Huduma yako inaendelea vizuri." Nikaongea naye, nikamwambia mwanangu anasahau majina ya vitu. Akanishukuru tena.

Njia nzima niliwaza mnyama asiyelala. Aliyefuga anamjua. Jikoni kwangu, ndani ya tenga karibu na joto la mafiga, nilikuwa na kuku mwekundu anayeatamia. Kuku wa namna hiyo ni moto tupu, hasogei, hali vizuri, na ukipita hata kwa kunyata utakuta jicho limekutazama. Nikasema Mungu mkubwa. Mwanangu atalala, na huyo mtu wa huko, kama yupo, hatazimika. Nilidhani ninayemdanganya ni simu.

*

Jumapili baada ya ibada mvua ilishuka na Sekela akajinyoosha kwenye mkeka jikoni, anaelea. Nilifungua bangili polepole. Kwenye simu mstari ukawa mwekundu: Mkesha unasubiri. Nikainua bawa la kuku, akanidonoa kidole, nikaipitisha pale kwenye mfupa, bangili ikajikaza yenyewe. Mstari ukarudi kuwa kijani.

Mkesha unaendelea.

Nikageuka kumtazama mwanangu. Uso wake ulilegea, taya likashuka, na akakoroma. Mkoromo mbaya, wa mlevi. Nilikaa pale kwenye moshi nikausikiliza kama watu wanavyosikiliza kinanda. Alilala mvua ikaisha, akalala nikampikia, chakula kikapoa, akalala mpaka Jumatatu jua likiwa juu. Alipoamka alikula viazi vya watu wawili. Ndipo akautazama mkono wake, akaruka.

"Mama! Umevua?"

Nikamwonyesha tenga. Akachungulia, akaniangalia, akachungulia tena.

"Mama umemwajiri kuku!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijausikia ule mcheko tangu viazi viko shambani. Nikasema moyoni, kama hii ni dhambi basi nitaungama nikiwa nimeshiba.

*

Katikati ya wiki vifaranga vilitoka, na kuku akatoka navyo nje kwenye jua. Bawa lilifunika bangili, huwezi kuiona.

Mwalimu Ambwene alikuwa barazani kwake na kioo kidogo amekitundika kwenye nguzo, ananyoa ndevu. Hakuonekana kuwa mzima. Uso ulikuwa umeingia ndani, na wembe haukutulia.

"Umeamkaje, Mwalimu?"

"Usiniulize. Tangu Jumapili hiki kifua kinakimbia kama kinafukuzwa. Nikikaa kinakimbia, nikilala kinakimbia. Nimewapigia hospitali, wananiambia huduma inaendelea vizuri."

Maneno hayo yalinigusa mahali, lakini sikujua ni wapi. Nilisimama na ungo wangu. Hapo kivuli kikapita juu ya uwanja.

Mwewe. Kuku akapandisha manyoya yote akawa mkubwa kama bata, akapiga ukelele, vifaranga vikaingia chini yake. Na upande wa pili wa ua kioo kikaanguka kikavunjika. Mwalimu alikuwa amekumbatia nguzo, mdomo wazi, povu la sabuni linamchuruzika shingoni.

Mwewe akapanda juu. Kuku akatulia. Mwalimu akavuta pumzi.

Nilimtazama kuku, nikamtazama Mwalimu. Wa karibu na wa karibu. Alhamisi jioni, ambayo ndiyo siku ya mazoezi ya kwaya ya Sekela. Moyo wa kisichana.

Kivuli kikarudi.

Kuku alipiga kelele, na Mwalimu akapiga goti. Nikaanza kukimbia, na hapo hapo nikajifunza kosa langu: nilivyomkimbilia ndivyo kuku alivyozidi kuchanganyikiwa, na kila alivyoruka, yule mzee aliruka naye. Nikasimama. Kusimama ni kitu kigumu. Mtu anakufa mbele yako na wewe unatakiwa usimame uite kuku kwa upole. Nikachuchumaa. Nikanyunyiza pumba.

"Njoo, mama. Njoo. Kwi, kwi, kwi. Hakuna kitu. Ameondoka."

Sauti yangu ilikuwa ya kumbembeleza mtoto mchanga. Sikumtazama Mwalimu. Nilisikia tu anavyokwaruza sakafu kwa mikono. Kuku akaja hatua moja, akasita, akaja. Akadonoa. Nikamshika kwa mikono miwili kama mtu anayechota maji, nikafungua bangili, nikaitia kwenye mkono wangu mwenyewe.

Ilijikaza. Mstari sikuuona, simu ilikuwa ndani. Ila nilimsikia Mwalimu akikohoa, kisha akisema kwa sauti ya mbali:

"Ni nani huyo anayeogopa hivyo?"

*

Nilimweleza yote barazani, nimesimama, mikono nyuma, kama darasani. Aliusikiliza ule upuuzi wa kuku mpaka mwisho na hakucheka. Akautazama mkono wangu.

"Kwa hiyo hii ninayoisikia sasa hivi ni yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Inadunda kama ngoma ya mganga."

"Ndivyo nilivyo."

"Ndivyo ulivyo. Hata darasani nikikuuliza saba mara nane ulikuwa unatetemeka na jibu unalo." Akagusa kifua chake. "Walivyonieleza hospitali, moyo ukipewa mdundo wa mashine unaukinai na kuukataa. Ukisikia wa mtu, unaufuata. Nikafikiri wameurekodi. Nikafikiri ni kama santuri. Kumbe." Akapangusa povu lililokauka. "Na kabla ya kuku?"

Nilitazama jikoni kwetu tu, na yeye alishajua.

"Kila asubuhi," akasema, "nimesimama pale kwenye matete nikimuuliza yule mtoto amelala, na yeye ananijibu amelala." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Vua, Tusajigwe."

"Siwezi."

"Mimi ni mwalimu wako. Nimesema vua."

"Viboko vyako vimeisha, Mwalimu."

"Ukivua, labda moyo wangu utajikokota wenyewe. Labda hautafika jioni. Hata waliouweka hawajui."

"Basi mimi ndiye nijue? Mimi wa darasa la saba?"

Nyuma yetu matete yakavunjika. Sekela alikuwa amesimama pale, na kwa uso wake nilijua amesikia yote.

"Nipe mimi, Mama. Wako unamuumiza. Wangu ni mpole."

"Wewe ulikuwa unasahau mwiko."

"Nimeukumbuka. Mwiko. Mwiko, mwiko, mwiko. Nipe."

"Nenda nyumbani."

"Mama, hata mwenyewe unasikia unavyodunda!"

"Nenda nyumbani, Sekela!"

Mwalimu akashika kifua. Nilikuwa nimepaza sauti.

*

Nilidhani tutakwenda kwa zamu, kama tunavyofanya kwenye msiba, huyu anakesha, yule anapika, keshokutwa wanabadilishana. Nikaenda kwa Mama Lugano kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye neno. Alinisikiliza huku anarudi nyuma, mpaka mgongo ukafika mlangoni.

"Mama Sekela, mimi nasema maneno tu. Sibebi watu." Kisha akaongeza, kwa huruma ya kweli, "Na mimi nikisinzia je? Nikamuua Mwalimu wa watu?"

Wengine walisema hivyo hivyo. Si wabaya. Kila mmoja ana mtu wake wa kuogopea, na moyo wenye mtu wa kuogopea haufai kuazimwa. Watoto wa Mwalimu nao walipigiwa mjini. Wakasema watakuja, mtandao ukakatika.

Basi nikaivaa mimi. Kuelea hakuumi. Ingekuwa inauma mtu angeivua. Unalala juu juu, unasikia mvua, unasikia panya, unasikia wewe mwenyewe umelala. Kinachouma ni kutulia. Sekela akichelewa sokoni na ukungu umeshuka, moyo wangu huanza mbio, na hapo hapo kutoka upande wa pili wa ua nasikia Mwalimu anagonga kikombe kwa kijiko. Ngo, ngo, ngo. Maana yake tulia, Tusajigwe, mimi sijafanya kosa lolote. Nakaa chini, napumua. Kumlea mtoto bila kumwogopea ni kama kuambiwa upike bila moto. Nilijifunza hata hilo. Siku moja Sekela aliteleza kwenye ngazi za mtoni na mimi nikamtazama akianguka kama ninavyotazama ndizi ikianguka. Aliinuka salama. Lakini alinitazama, na sikuupenda ule mtazamo.

Yeye alikuwa anarudi. Mashavu yalijaa, utani ukarudi, kwaya wakampa wimbo wa kuongoza. Mimi nilianza kusimama shambani na jembe begani nisijue kama nakwenda au natoka. Siku moja nilimwita kwa jina la dada yangu aliyekufa, akaitika bila kunisahihisha. Mwalimu aliacha ile salamu ya kwetu. Siku hizi anasema "habari" tu, kama mtu wa ofisini, na hatazami upande wetu mpaka mimi nimtazame.

Kisha ikaja siku ya kung'oa viazi. Tulirudi tumelowa, nikakaa kwenye gunia karibu na mafiga, mikono imejaa udongo. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimwona Sekela akisogeza kuni. Sikumbuki kingine.

Nilizama. Sikuota. Hapakuwa na panya wala mvua wala mimi.

Nilipoamka, kila kitu kilikuwa na jina lake. Ungo. Kinu. Kipeto cha chumvi kwenye ndoano. Niliyataja kwa sauti na yote yakaja. Moshi ulikuwa na harufu nzuri, nilikuwa na njaa, mwili ulikuwa mwepesi kama wa msichana, na nikasikia kicheko kumbe ni changu. Mvua ilikuwa imekatika. Ng'ambo ya ua hapakuwa na kijiko wala kikombe, ila Mwalimu alikuwa anaimba taratibu, sauti ya mtu ambaye kifua chake kimetulia.

Nikaushika mkono wangu. Ulikuwa mtupu.

Sekela alikuwa amenipa mgongo, anakoroga sufuria. Mkono wa sweta ameuvuta mpaka kwenye vidole.

"Ugonile, Mama?" akasema bila kugeuka.

"Sekela. Nionyeshe mkono."

"Uji unakaribia."

"Mwanangu, nionyeshe mkono."

Hakunionyesha. Simu yake ilikuwa kwenye kigoda, kioo kimefungwa, na bado juu kabisa ule mstari ulikuwa unawaka, kijani, mtulivu. Ningeweza kungoja asinzie nikamvua. Nilishafanya hivyo, na yeye amejifunza kwangu. Tangu siku hiyo tunaviziana humu ndani, mama na mwana. Nikisinzia mimi bangili inakwenda kwake, akisinzia yeye inarudi kwangu, na anayemshinda mwenzake kwa upendo ndiye anayesahau majina ya vitu. Mwalimu anaujua mdundo wa kila mmoja. Hasemi ni wa nani. Anagonga kikombe au anaimba.

Siku hii ninayoandika bangili iko kwangu, kwa hiyo maneno nimeyachukua moja moja. Kwa wenye watoto, hasa mabinti wenye huruma, nasema hivi:

Usikubali kitu kinachosema kinaendelea na hakisemi kinaendeleza nini.

Usibonyeze Kubali ukiwa na usingizi, wala usimbonyezee mtoto.

Usimvalishe mnyama. Hata anayeatamia.

Usivue ghafla kabla hujawauliza majirani zako wote afya zao, mmoja mmoja, na kungoja jibu.

Usiipigie ile namba. Itakushukuru.

Usiwaze kwamba aliye upande wa pili yuko mbali.

Usimuulize mtu kama amelala ukaridhika na neno ndiyo.

Na ukiwa nayo mkononi, usilale karibu na mtoto anayekupenda.